Miaka Minne na Kromosomu Y: Tulipokosea Katika Utafiti wa Ushirikiano

Barua zilizonikosesha usingizi zilikuwa mbili, za ukurasa mmoja mmoja, na zote nilizitia saini mwenyewe. Moja ilimwarifu mzee wa kijiji kimoja cha pwani ya Lindi kwamba kromosomu yake ya Y, uzi wa urithi ambao mwanamume huupata kwa baba yake, iko katika tawi la E1b1a. Nyingine ilimwarifu mtoto wa baba yake mdogo kwamba yake iko katika tawi la E-M2. Nitaeleza huko mbele jinsi barua hizo zilivyokaribia kuvunja ukoo. Kwanza inafaa msomaji ajue tulifikaje hapo, kwa sababu kosa lile halikuzaliwa siku ya kuandika barua, bali lilizaliwa miaka mitatu kabla yake, siku niliposaini makubaliano ya ushirikiano bila kuyasoma hadi mwisho.

Mimi ni mtaalamu wa maabara ya vinasaba jijini Dar es Salaam, na kabla ya mwaka 2019 kazi yangu kubwa ilikuwa vipimo vya magonjwa. Kilichonivuta kwenye historia ya binadamu ni makala ya mwaka 2008 ya Brenna Henn na wenzake, waliofuatilia tawi moja la kromosomu Y, lenye alama (badiliko dogo la urithi) ya M293, kutoka kwa wafugaji wa Tanzania kama Wadatoga hadi kwa Wakhwe wa kusini mwa Afrika, wakakadiria kwamba uhamaji huo ulifanyika miaka 2,000 hivi iliyopita. Niliisoma nikiwa mwanafunzi, nikatamani siku moja sehemu ya kazi kama ile ifanyike kwenye meza zetu wenyewe. Kwa hiyo chuo kikuu kimoja cha Ulaya kaskazini kilipoandika kutafuta mshirika wa utafiti wa nasaba za kuumeni za pwani ya kusini, nilijibu siku ileile, na makubaliano ya kurasa 14 yalipofika niliyasaini ndani ya juma moja.

Kurasa hizo zilikuwa na mambo matatu ambayo leo nisingeyapitisha. La kwanza ni kwamba data zote zingehifadhiwa na mshirika, nasi tungezipata "kwa maombi". La pili ni kwamba mabaki ya sampuli yangetunzwa kwa "tafiti za baadaye", bila kutaja zipi wala nani aziidhinishe. La tatu lilionekana dogo kuliko yote, nalo lilisema kwamba matokeo yatarejeshwa kwa washiriki "kwa njia inayofaa". Nani aamue kipi kinafaa, kwa lugha gani, kwa mtu mmoja mmoja au kwa kijiji kizima, hakuna aliyeuliza. Mambo mawili ya kwanza tuliyarekebisha baadaye kwa barua nyingi na maneno makali kiasi. La tatu ndilo lililotufikisha pabaya.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Utafiti wa namna hii nchini Tanzania unahitaji cheti cha maadili kutoka kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na sampuli hazivuki mpaka bila mkataba wa kuzihamisha. Cheti na kibali hudumu mwaka mmoja, kisha huhuishwa, kwa hiyo andika tarehe ya mwisho ukutani na anza kuomba upya mapema. Sisi tulichelewa miezi saba, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo ilikuwa uzembe wetu, maana fomu ya ridhaa ilirudishwa mara mbili kutokana na Kiswahili chake. Mshirika alikuwa amemlipa mtu huko Ulaya aitafsiri, nami niliipitisha kwa kuipitia juujuu. Iliposomwa kwa majaribio mbele ya wanaume watano, wa kwanza kuuliza alitaka kujua kama tunapima nguvu za kiume, na kama majibu yatasomwa hadharani. Kisa ni kwamba kromosomu Y ilikuwa imeandikwa "chembe ya uanaume". Tuliiandika upya yote, tukieleza kwamba kuna uzi wa urithi ambao baba humpa mwanawe wa kiume tu, kwamba uzi huo hauonyeshi nguvu wala ugonjwa katika utafiti huu, na kwamba sehemu yake kubwa haichanganyiki na urithi wa mama, ndiyo maana badiliko dogo lililotokea kwa mtu mmoja zamani hubaki likionekana kwa vitukuu na vilembwe wake wa kuumeni.

Hapa kuna jambo ambalo wenzetu wa Ulaya walichelewa kulielewa, nami nilichelewa kuwaeleza. Neno letu la Kiswahili, vinasaba, limebeba nasaba tumboni mwake. Ukimwambia mtu wa pwani kwamba unapima vinasaba vyake, hasikii kemia, bali anasikia kwamba umekuja kuthibitisha au kukanusha yeye ni nani, mzee wake wa kwanza alitoka wapi, na kama jina analolitumia ni haki yake. Katika pwani yenye familia zinazojiita Washirazi, zenye masharifu waliohifadhi silsila zao kwa maandishi, na zenye watu ambao mababu zao waliletwa utumwani na hawapendi kukumbushwa, hakuna sampuli ya mate isiyo na uzito.

Korona ilitula mwaka 2020 wote. Mshirika alipopata ruhusa ya kusafiri, alipanga kazi ya uwandani kati ya tarehe 18 Aprili na 3 Mei 2021, kwa kuwa ndicho kipindi ambacho mwanafunzi wake wa uzamivu hakuwa na vipindi vya kufundisha. Nilitazama kalenda nikaona kwamba Ramadhani ingekuwa imeanza katikati ya Aprili, na kwamba barabara za vijijini zingekuwa bado zina matope. Niliandika barua pepe moja ya upole, nikajibiwa kwamba tiketi zimeshanunuliwa, nikanyamaza. Najilaumu kwa kunyamaza kule kuliko kwa makosa mengi ya maabara. Nani aliyefunga angefungua kinywa mchana umsugue shavu kwa kijiti cha pamba, au umwambie ateme mate mililita mbili kwenye kichupa? Tulijaribu usiku baada ya tarawehe, kwa taa ya betri, lakini vichupa vya mate vinataka mtu akae nusu saa bila kula wala kunywa, na saa zile ndizo za watu kula. Tulilipa gari, dereva, nyumba ya wageni na posho za watu sita kwa siku 16, tukarudi Dar es Salaam na sampuli 19.

Tulirudi mwezi Julai, mvua zikiwa zimekatika na msimu wa korosho haujaanza, tukapata sampuli 195 katika siku 20. Anayepanga kazi ya aina hii katika mikoa ya kusini aanze na kalenda ya kijiji, kisha ndiyo aangalie ya chuo. Pia asifungie vijiti vya shavuni kwenye mirija ya plastiki vikiwa vibichi, maana joto na unyevu wa pwani huotesha ukungu kwa siku chache. Tulipoteza sampuli 31 kwa njia hiyo kabla ya mtaalamu mwenzangu kuanza kuvianika na kuvitia katika bahasha za karatasi, ambazo tulizinunua dukani kwa bei ya kutupa.

Jambo lililonifundisha zaidi katika safari ya Julai lilikuwa kisanduku kimoja kwenye dodoso. Lilitengenezwa Ulaya na lilikuwa na nafasi moja iliyoandikwa "ukoo". Siku ya tatu niliona kwamba watu waliojaza ukoo mmoja walikuwa na babu wazaa baba waliotoka sehemu tofauti kabisa. Nikamuuliza mwenyekiti wa kijiji, akacheka kwa adabu. "Daktari, umeuliza ukoo, wamekupa ukoo. Kwetu ukoo ni wa mama." Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua kwa desturi huhesabu ukoo kukeni, na hata pale ambapo Uislamu umeleta ubini wa baba na mirathi kwa watoto, mtu akiulizwa ukoo wake hujibu wa mama yake. Sisi tulikuwa tunakusanya kitu kinachopita kwa baba peke yake, kisha tunakipanga kwa jina linalopita kwa mama. Kama kosa lile lingeingia kwenye uchambuzi, tungeandika kwamba koo za Lindi zimechanganyika mno kuumeni, na mtu asiyeifahamu kusini angetusifu kwa ugunduzi. Tulirudi kwa washiriki wote waliotangulia, tukauliza jina na mahali alikozaliwa babu mzaa baba, na babu wa babu kama anajulikana. Kazi hiyo ilitula siku nne za ziada, na ilitusaidia pia kuwaondoa kwenye uchambuzi ndugu wa karibu ambao tungewahesabu mara mbili.

Maabara ilikuwa na mambo yake. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vilikwama njiani siku tisa na barafu yake ikayeyuka, tukaagiza upya kwa fedha ambazo zilikuwa za mafunzo ya vijana wawili. Faida moja ya kuchekesha ni kwamba sisi tuliokuwa mezani sote tulikuwa wanawake. Kipimo cha alama za Y hakisomi chochote kwa DNA ya mwanamke, kwa hiyo hata kama unyoya wa ngozi yangu ungeingia katika mrija, usingejitokeza kama mtu wa Lindi. Wenzetu wa upande wa pili, ambao wengi wao walikuwa wanaume, iliwabidi waweke wasifu wa Y zao katika orodha ya kukagulia.

Sampuli ziligawanywa, sehemu tukapima sisi na sehemu wakapima wao. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, na niliupigania, kwa kuwa sikutaka tuwe wakusanyaji wa mate tu. Lakini maabara mbili zikifanya kazi moja lazima zikubaliane juu ya uandishi kabla ya kufungua mrija wa kwanza, nasi hatukukubaliana. Mfano wa wazi ni alama iitwayo DYS389, kipande cha urithi kinachojirudia na kuhesabiwa mara zake, ambayo husomwa kwa sehemu mbili, na sehemu ya pili, kama mashine inavyoitoa, huwa imeijumuisha ya kwanza ndani yake. Maabara moja hutoa jumla, nyingine hutoa baki baada ya kutoa ile ya kwanza. Katika jedwali letu la pamoja watu waliopimwa Dar es Salaam walikuwa na 30 na waliopimwa Ulaya walikuwa na 17, na programu ikawaona kama jamii mbili zilizotengana kwa muda mrefu mno. Kwa juma zima tulijadili kwa dhati sababu za kihistoria za utengano huo, hadi mwanafunzi wetu alipotoa 13 kutoka 30.

Kosa la pili la uandishi halikuonekana haraka hivyo. Majina ya matawi ya kromosomu Y yamebadilika mara kadhaa. Mfumo uliokubaliwa mwaka 2002 uliliita tawi kubwa linaloenea pamoja na wasemaji wa lugha za Kibantu E3a. Mwaka 2008 likawa E1b1a. Baadaye, tawi jingine lilipogunduliwa juu yake, likawa E1b1a1. Alama yenyewe inayolitambulisha, M2, haijawahi kubadilika, ndiyo sababu watafiti wengi siku hizi huandika E-M2 tu. Maabara yetu iliandika kwa alama. Kundi la kwanza la majibu kutoka Ulaya liliandikwa kwa jina la 2008. Sote tulijua kwamba ni kitu kimoja, na kwa kuwa sote tulijua, hakuna aliyeona haja ya kulisawazisha jedwali.

Ndipo zikaja barua. Mwaka 2022 mwanafunzi wa uzamivu wa upande wa pili alipendekeza kwamba "njia inayofaa" ya kurejesha matokeo ni kumpa kila mshiriki barua yake, kwa kuwa kwao mtu ana haki ya kujua taarifa zake. Niliona ni heshima kwa watu wetu, nikakubali. Kompyuta ilichukua jina la tawi kutoka kwenye jedwali, ikalipachika katika barua yenye maelezo mafupi, nami nikasaini 164 kwa siku mbili. Tulizituma kwa mtendaji wa kijiji azigawe.

Siku ya kumi na moja mtendaji alinipigia simu. "Daktari, njoo mwenyewe. Kuna wazee wawili hapa hawaamkiani."

Mzee mkubwa na mtoto wa baba yake mdogo walikuwa wamekaa barazani wakalinganisha barua zao, kama watu wowote wangefanya. Mmoja ana E1b1a, mwingine ana E-M2. Wakampelekea kijana aliyesoma, akatafuta kwenye simu, akawaambia kwamba uzi huu hupita kwa baba bila kubadilika, hivyo watoto wa baba wawili waliozaliwa na mzee mmoja lazima wawe na jina moja. Ilikuwa kweli, na kutokana na ukweli huo mtu akahitimisha kwamba mmoja kati ya baba zao hakuwa mtoto wa babu yao. Bibi yao, aliyefariki miaka mingi iliyopita, akaanza kusemwa. Kulikuwa na shamba la mikorosho lililoachwa na babu huyo, na kabla sijafika kulikuwa tayari na mtu aliyetamka neno mirathi.

Nilisafiri usiku. Nilipofika nilipokewa vizuri, nikapewa kiti na maji, na hapo ndipo nilipoona aibu zaidi. Niliwaeleza kwamba E1b1a na E-M2 ni majina mawili ya tawi lilelile, kama mtu anayeitwa kwa jina la nyumbani na jina la shule, na kwamba kosa la kuwaandikia tofauti ni langu. Nilikuwa nimebeba majedwali ya alama 17, nikawaonyesha tarakimu moja baada ya nyingine kwamba zao zinalingana kwa zote. Mzee mdogo alilia. Mzee mkubwa alikaa kimya hadi nilipomaliza, kisha akauliza: "Na kama kweli tungekuwa mbalimbali, binti yangu, ungepanda basi kuja?"

Sikuwa na jibu, na swali lile ndilo lililonifanya niandike haya. Hesabu ilikuwa ikitudai tangu mwanzo: kati ya wanaume 164 wanaotoka katika vijiji vichache, wengine wakiwa ndugu, ni lazima kuwe na waliolelewa na baba wa kambo, waliochukuliwa na mjomba wakapewa ubini wake, au waliozaliwa katika mazingira ambayo familia iliamua kuyasitiri. Nilifungua jedwali usiku ule nikawakuta. Jozi mbili zilizojieleza kuwa ndugu wa baba mmoja hazikulingana, na barua zao zilikuwa tayari mikononi mwao. Hawakulinganisha, au walilinganisha wakanyamaza. Sijui, na sina haki ya kuuliza.

Siku iliyofuata mwenyekiti aliitisha mkutano chini ya mwembe. Niliwaambia watu kwamba mwanamume akihesabu nyuma vizazi kumi anapata nafasi 1,024 za mababu na mabibi, nusu yake wanaume, na kwamba kromosomu Y inamtaja mmoja tu kati ya hao wote. Nilikuwa nimejiandaa kulieleza hilo kwa mchoro. Bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili pembeni, ambaye hakuwa mshiriki kwa kuwa hatukuwapima wanawake, alisema bila kuinua uso, "Kwa hiyo mmepima chane moja, mkeka hamjauona." Tangu siku hiyo sijatumia mchoro.

Mzozo wetu mkubwa wa kitaaluma ulihusu miaka, na ulitokea miezi hiyohiyo. Alama za kujirudia kama DYS389 hutumika kukadiria umri wa tawi, lakini kuna kasi mbili za mabadiliko ambazo watafiti wamebishania kwa muda mrefu. Moja imepimwa moja kwa moja kwa kulinganisha baba na wana, takribani badiliko 0.002 kwa alama kwa kizazi; nyingine, iliyopendekezwa na Zhivotovsky na wenzake mwaka 2004, ni 0.00069 kwa kila miaka 25. Ukitumia ya pili, umri unakuwa mara tatu. Kwa kundi letu dogo la matawi ya Asia, J na R1a, mshirika alipata miaka karibu 3,000, nasi tukapata karibu 1,000. Huko Ulaya hiyo ilikuwa tofauti ya tarakimu, lakini kwa mtu wa pwani, 1,000 ni zama za kustawi kwa miji ya mawe na hadithi za majahazi ya Washirazi, na 3,000 ni kabla ya mji wowote kati ya hiyo kuwapo. Hatukuafikiana, tulichapisha makadirio yote mawili katika jedwali moja, na sisi wa Dar es Salaam tukaandika aya inayoeleza kwa nini sampuli tisa za kundi hilo hazitoshi kuamua. Niliwakumbusha wenzangu habari ya Walemba wa Afrika Kusini na Zimbabwe, ambao mwaka 2000 walihusishwa na makuhani wa Kiyahudi kwa alama chache za Y, kisha mwaka 2013 Himla Soodyall akatumia alama zaidi akaona kwamba asili ya Mashariki ya Kati ipo, lakini kuifunga na Wayahudi peke yao hakuthibitiki.

Aya ile ilitusaidia mwezi Machi 2023, ilipotoka kazi ya Esther Brielle, Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao juu ya DNA ya kale ya watu 80, waliozikwa katika miji sita ya pwani ya Uswahilini na mji mmoja wa bara. Walionyesha kwamba mchanganyiko wa Waafrika na watu wa Asia ulianza kufikia mwaka 1000 hivi, kwamba asili ya Kiafrika ilitokana zaidi na wanawake, na kwamba asilimia 80 hadi 90 ya sehemu ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Kwenye makundi ya simu habari hiyo ilifupishwa ikawa "Waswahili ni Waajemi", kana kwamba bibi zao hawakuwahi kuwapo. Nilipigiwa simu na watu saba wa kijiji kile, na wa kwanza wao alikuwa mzee mkubwa, ambaye alitaka tu kujua kama waliopimwa safari hii ni chane au mkeka. Nilimjibu kwamba wamepima vyote viwili, na ndiyo maana wameweza kuwaona akina mama.

Lipo jambo la ridhaa ambalo lilikuwa karibu kunipita. Mshirika alitaka kuweka orodha ya alama za Y za washiriki katika YHRD, hifadhidata iliyoanzishwa Berlin mwaka 2000 na ambayo hutumiwa na wataalamu wa uchunguzi wa jinai duniani kote. Baadhi ya majarida hudai hivyo kabla ya kuchapisha. Fomu yetu ilisema historia, haikusema polisi. Nilikataa, na nilitumia hoja ya Melissa Gymrek na wenzake, ambao mwaka 2013 walionyesha kwamba alama za Y zilizoachwa wazi, zikilinganishwa na tovuti za watafuta nasaba, zinaweza kumfichua mtu ambaye jina lake lilifutwa. Vijiji vyetu havina majina ya ukoo ya namna ya Ulaya, lakini vina watu wachache, na kila mtu anamjua babu wa kila mtu. Tulikosa jarida la kwanza kwa sababu hiyo. La pili lilikubali data ziwe katika hifadhi yenye mlango, ambapo kila ombi linapita kwa kamati ya watu watano, na wawili kati yao ni wetu.

Nimeulizwa na vijana kama inafaa kushirikiana na wageni katika mambo haya, na jibu langu ni ndiyo, kwa sababu bila Waafrika sayansi hii yenyewe ni nusu. Tawi la kale kuliko yote linalojulikana, A00, lilitangazwa mwaka 2013 kutokana na sampuli ya Mmarekani mweusi ambayo ilipelekwa kwenye kipimo cha kibiashara cha nasaba, ndipo likakutwa pia kwa Wambo wa Kamerun. Na kromosomu Y haikusomwa yote, mwanzo hadi mwisho, ila mwezi Agosti 2023, ilipopatikana kuwa na herufi za DNA 62,460,029. Rejea, yaani nakala ya kulinganishia, tuliyoitumia miaka yote ilikuwa na mapengo zaidi ya nusu, na sehemu yake kubwa ilitoka kwa mtu wa tawi la R1b, ambalo ndilo la kawaida Ulaya magharibi. Tulipotumia kipimo cha bei nafuu chenye alama zilizochaguliwa zamani, R1b iligawanyika katika vijitawi chungu nzima, huku theluthi mbili ya watu wetu wakirundikwa katika kapu moja. Kuwagawa kulihitaji kusoma kromosomu yenyewe, na kusoma kulihitaji mashine ya mshirika.

Awamu ya pili tuliisaini mwishoni mwa 2023, baada ya miezi minne ya kubishana juu ya kurasa sita. Matokeo yanarejeshwa kwa mkutano, kwa kijiji, bila majina, na anayetaka lake binafsi anaketi na mshauri kwanza na kuambiwa waziwazi kwamba linaweza kugusa wasiokuwapo. Dodoso lina mistari miwili, kuumeni na kukeni. Wanawake nao wamo. Jina la tawi linaandikwa kwa alama, na jedwali linasainiwa na maabara zote mbili kabla halijatoka mlangoni.

Mzee mkubwa alikuwa wa kwanza kuletewa fomu mpya. Alimpa mjukuu wake amsomee, akamrudisha mara mbili kwenye mstari wa matokeo, kisha akasema kwamba haujasema mtafiti akikosea nani atapanda basi. Mwanafunzi wa Ulaya alitafsiriwa, akadhani ni mzaha. Tulirudi Lindi mjini kuongeza sentensi hiyo na kuchapa fomu zote upya, kurasa tatu kwa kila mtu, kwa fedha ya mfukoni mwangu, na kazi ikaanza siku mbili baadaye.